Chuma, Redio na Uzee wa Ufundi: Hatima ya Jumuiya za Mafundi katika Same na Milima ya Upare

Swali la iwapo jumuiya ya watu wanaopenda mtambo uliopitwa na wakati inaweza kudumu baada ya waasisi wake kuzeeka huulizwa zaidi Ulaya na Marekani, ambako vijana walionunua kompyuta za nyumbani kama Commodore 64 mwaka 1982 sasa wamekaribia umri wa kustaafu. Tanzania haikuwa na kizazi hicho. Mwaka 1974 Serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, baada ya hasara na mkanganyiko uliotokana na jaribio la kuhamishia hesabu za Wizara ya Fedha kwenye mitambo hiyo. Hivyo, katika miaka ile ile ambayo vijana wa Uingereza walikuwa wakijifunza kuandika programu sebuleni, kijana wa Same mwenye shauku ya elektroniki alikuwa na kifaa kimoja tu cha kufungua na kuchungulia ndani, nacho kilikuwa redio. Anayetaka kulijibu swali hilo katika mazingira ya Upare hana budi kumwangalia fundi redio.

Fundi huyu ni zao la sera. Baada ya Radio Tanzania Dar es Salaam kuundwa mwaka 1965, redio ilifanywa chombo cha kujenga taifa, na katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 vikundi vya wanavijiji viliketi kusikiliza vipindi na kuvijadili. Matsushita ilikuwa na kiwanda Dar es Salaam, Philips ikawa na chake Arusha, na redio za transista zilizotumia betri, ambazo wengi wanaziita mawe, ziliweza kupandishwa hadi vijiji visivyokuwa na umeme. Jiografia ya Upare ilizidisha umuhimu wake. Mji wa Same uko tambarare, kando ya reli na barabara kuu, lakini Mbaga, Gonja, Vudee na Chome ziko mlimani, katika mabonde ambayo gazeti lilifika kwa kuchelewa. Mawimbi ya masafa ya kati na masafa mafupi yalifika. Redio ilipokufa, kijiji kilikosa taarifa za vifo, matokeo ya mitihani na taarifa ya habari kwa pamoja.

Kilele cha ufundi huo kilikuja wakati wa dhiki, na hapa ndipo historia yake inapohitaji kusomwa kwa makini. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978–1979, uhaba wa fedha za kigeni ulifanya redio mpya kuwa adimu na vipuri kuwa adimu zaidi. Fundi alilazimika kuwa zaidi ya mbadilishaji wa vipuri. Redio iliyokufa kabisa haikutupwa, iligeuzwa ghala. Spika yake ilitolewa, kapasita zikapimwa moja moja, transista ikahamishiwa kwenye redio ya mteja mwingine hata kama haikuwa ya namba ile ile, mradi fundi aelewe kazi yake katika sakiti. Maarifa ya namna hiyo hayakutoka darasani. Mwanafunzi alianza kwa kushika taa na kusafisha vumbi, akaendelea kwa kuyeyusha risasi, na mwisho akaachiwa kutafuta hitilafu peke yake. Wanaoiita miaka hiyo miaka ya giza husahau kwamba, kwa upande wa uelewa wa elektroniki vijijini, huenda haijapata mshindani.

Kulegezwa kwa masharti ya biashara kuanzia mwaka 1984 kulianza kubomoa msingi huo. Redio za bei nafuu ziliingia, na muundo wake ukabadilika: kazi iliyogawanywa kati ya transista nyingi ikakusanywa ndani ya kipande kimoja kisichofunguka. Gharama ya kutengeneza ikakaribia bei ya kununua mpya. Kisha ikaja simu ya mkononi, yenye redio ndani yake.

Upare umewahi kulikabili tatizo hili. Muda mrefu kabla ya ukoloni, ukoo wa Washana ulishikilia ufundi wa chuma katika Ugweno, ambayo leo imo katika Wilaya ya Mwanga. Kwa mujibu wa simulizi zilizokusanywa na Isaria Kimambo katika kitabu chake cha mwaka 1969, Washana ndio waliokuwa watawala kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Chuma chao, kilichoyeyushwa kutokana na mchanga wenye madini, kiliuzwa hadi kwa Wachaga. Chuma cha viwandani cha kigeni kilipoenea, hasa baada ya reli ya kutoka Tanga kufika Moshi mwaka 1911, uyeyushaji haukuwa na maana tena. Ukafa. Ila ufuaji uliendelea, kwa kutumia vyuma chakavu badala ya mchanga. Jumuiya ilipoteza nusu ya maarifa yake, tena nusu iliyo ngumu zaidi, lakini yenyewe ikabaki.

Ulinganisho huu unaonyesha kasoro katika hoja iliyozoeleka kwamba jumuiya ya mafundi hufa soko lake linapokufa. Washana walikuwa na ukoo, miiko na heshima iliyochanganyika na hofu. Mtoto alirithi nyundo pamoja na jina, hata pato lilipopungua. Wapenzi wa kompyuta za kale wa Ulaya nao hawategemei soko, kwa kuwa wanaungwa na mapenzi kwa mtambo wenyewe. Fundi redio hakuwa na kimoja wala kingine. Ufundi wake ulikuwa wazi kwa yeyote aliyekuwa tayari kukaa kibandani, na uwazi huo uliufanya uenee upesi kuliko uhunzi ulivyopata kuenea. Riziki ilipohama, hakukuwa na damu wala miiko ya kumzuia mwanafunzi asiondoke.

Inadaiwa kwamba mwanafunzi huyo hakuondoka, bali alihamia kwenye simu, na kwamba ufundi umebadili sura tu. Dai hilo lina ukweli nusu. Mita ya kupimia na risasi ya kuchomelea ni zile zile. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi ya fundi simu ni kubadilisha kioo, betri au sehemu ya kuchajia, au kupakia programu upya. Ni wachache wanaoifuata hitilafu ndani ya bodi hadi kwenye kipuri kimoja. Kama ilivyokuwa kwa Washana, kilichopotea ni uyeyushaji, si ufuaji.

Wakati huohuo, umeme wa jua umezileta tena mlimani sakiti zinazoweza kueleweka kwa mbinu za zamani: vidhibiti vya chaji, vibadilisha umeme, taa. Kidhibiti kinapoungua Vudee, kukirudisha kwa muuzaji kunamaanisha safari ya kushuka Same na kupanda tena. Fundi anayeweza kukitengeneza hapo hapo, kwa transista iliyotolewa kwenye redio ya zamani, kwa kawaida ni mzee.