Mstari, Kivuli na Uhalisia: Michoro ya Taveta ya Harry Johnston

Harry Johnston, aliyesomea uchoraji katika Royal Academy, London, alifika Taveta mwaka 1884; kitabu chake, chenye michoro yake mwenyewe, kilitoka 1886. Picha nyingi humo zimechapwa kwa wino mweusi mtupu. Mstari huainisha umbo la mti. Mwanga na kivuli huupa unene na umbali. Wekundu wa udongo wa Voi na Taita hauonekani, ila mtazamaji huamini. Uhalisia, basi, hujengwa kwa uteuzi. Mchoraji huyohuyo alifunga mikataba ya ardhi Taveta mwaka 1884. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilichora mstari wa mpaka ulioiacha Taveta mikononi mwa Waingereza. Mhakiki hana budi kuisoma mistari yote miwili.