Chunjua si sugu

Chunjua ni kinundu kigumu chenye uso wa kukwaruza, kinachoota juu ya ngozi, hasa vidoleni, magotini na chini ya nyayo. Wengi hukiita sugu, na kwa kosa hilo hukitibu isivyo. Sugu ni ngozi iliyokomaa kwa kusuguliwa: ipo kiganjani mwa mkulima kwa sababu ya mpini wa jembe, ipo kwenye paji la uso la mwenye kusujudu sana. Haimwambukizi mtu. Chunjua huletwa na virusi, na huambukiza.

Hayo yalidhihirika mwaka 1907. Daktari wa Kiitalia, Giuseppe Ciuffo, alisaga chunjua, akachuja maji yake kwa chujio lisilopitisha bakteria, kisha akajichanja nayo ngozini. Chunjua zikaota.

Virusi hivyo huitwa virusi vya papiloma vya binadamu. Papiloma limetokana na neno la Kilatini la chuchu na kiishio cha Kigiriki cha uvimbe, kwa jinsi uvimbe huo unavyochomoza. Wapo wanaotaka tuseme “virusi vya chunjua” ili neno liwe la kwetu. Mimi nalikataa pendekezo hilo, kwa kuwa litapotosha. Aina za virusi hivi zinazidi 200. Aina ya 1, 2 na 4 huotesha chunjua za mikono na miguu. Aina ya 6 na 11 huleta masundosundo, yaani chunjua za sehemu za siri. Lakini aina ya 16 na 18, zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani ya shingo ya kizazi, hukaa mwilini miaka mingi bila kuotesha kinundu chochote. Mwanamke akiambiwa ana “virusi vya chunjua”, atajitazama, asione kitu, arudi nyumbani. Tubaki na papiloma kwa virusi, na chunjua kwa kinundu chenyewe.

Ngozi nzima haiingiliki kirahisi. Virusi huhitaji mlango: mkwaruzo, ufa wa kisigino, ukucha uliotafunwa, ngozi iliyolainika kwa kukaa majini. Vikishapita hufika kwenye seli za chini kabisa za ngozi ya juu na kuzifanya zigawanyike kupita kiasi. Seli hizo zinapopanda kuelekea juu, virusi vipya huundwa ndani yake, na ngozi iliyokufa inapobanduka, huanguka navyo. Kwa hiyo chunjua huambukizwa kwa kugusana, kwa taulo na dodoki la watu wengi, na kwa sakafu yenye maji ya bafu la pamoja. Virusi hivi havina utando wa mafuta kwa nje, ndiyo maana hustahimili ukavu na dawa nyingi za kuulia vijidudu. Kinundu chenyewe huchukua wiki kadhaa hata miezi kujitokeza, na mtu huwa ameshasahau alikipatia wapi.

Ndani ya chunjua huonekana vidoa vyeusi. Watu huviita mizizi na kuvichokonoa kwa wembe. Ni vijishipa vya damu iliyoganda; chunjua haina mizizi, wala haivuki ngozi ya juu. Wembe huacha majeraha mapya pembeni, na wembe huohuo ukinyolea ndevu, chunjua hutapakaa shavuni. Hivyo ndivyo mtu anavyojiambukiza mwenyewe kutoka mahali pamoja hadi pengine.

Kutofautisha chunjua na sugu si kazi ngumu. Michirizi ya asili ya ngozi hupita juu ya sugu bila kukatika, lakini kwenye chunjua hukatika na kuzunguka pembeni. Watoto wengi hupona wenyewe ndani ya miaka miwili, kinga ya mwili inapovitambua virusi. Asiyetaka kusubiri hupakwa asidi ya salisiliki kwa wiki nyingi, au hugandishwa kinundu kwa naitrojeni ya kimiminika. Mwenye kinga dhaifu, wakiwamo wanaoishi na VVU bila matibabu, anaweza kuota chunjua nyingi zisizoondoka. Huyo amwone daktari mapema.

Kwa hiyo usikate chunjua wala usiichimbe. Mwenye kinundu sehemu za siri asijipake dawa ya chunjua za mikono, kwani itamuunguza: aende hospitali. Na mwenye binti aliyefikia umri wa chanjo ya papiloma ampeleke akachanjwe.