Umepata chumba Tabora? Uliza namba ya mita kabla hujatoa hela

Tangu niseme nimehamia chumba changu mwenyewe huku Ng'ambo, Tabora mjini, maswali ni yale yale: ukipanga, umeme unaunganishwaje, na gesi je? Naandika yote kwa mkupuo, ili anayepanga kesho asiingizwe mjini kama mimi.

Kwanza tuelewane. Wenzetu wa Ulaya wakihamia nyumba wanafungua akaunti ya umeme na ya gesi kwa majina yao, wakiondoka wanafunga. Kwetu hakuna hiyo. Mita ya LUKU (Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo) ni ya nyumba, na kwa TANESCO imeandikwa jina la mwenye nyumba. Wewe mpangaji unachopata ni namba ya mita tu, tarakimu 11. Ukihama mita inabaki pale pale. Na kama ina deni, deni nalo linabaki kumsubiri atakayekuja. Hapo ndipo nilipopigwa.

Chumba nilikipenda, mwenye nyumba mzee mmoja mpole, nikamuuliza, "Shikamoo mzee, umeme upo?" Akajibu, "Marahaba kijana, upo, wewe nunua tu." Nikatoa kodi ya miezi sita. Jioni nikanunua umeme wa 10,000 kwa simu. Nilitegemea uniti kama 28, zikaja 11 na kidogo. Dah! Nikadhani mtandao umekosea, nikasoma meseji mara tatu.

Kumbe 6,000 imekatwa ya kodi ya jengo. Kodi hii ilianza kukatwa kwenye LUKU Agosti 2021, kwa shilingi 1,000 kwa mwezi nyumba ya kawaida, na kuanzia Julai 2023 ikawa 1,500. Msiponunua umeme mwezi huu haisamehewi, inajikusanya. Nyumba yangu ilikaa tupu miezi minne, hesabu ni 1,500 mara nne, na niliyekuja kununua wa kwanza ni mimi. Zamani misafara ya kutoka Bagamoyo ilikuwa inalipa hongo kwa watemi wa Ugogo ndiyo iruhusiwe kupita kuja huku Unyanyembe. Mimi hongo yangu nimelipia kwenye mita, nikiwa nimekaa kitandani.

Sasa shikeni hili: kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, siyo ya mpangaji. Mita inamkata yeyote anayenunua kwa sababu haijui nani ni nani. Hata ilipoanza 2021 watu walipolalamika, jibu lilikuwa mpangaji akubaliane na mwenye nyumba wake. Maana yake kama hamkukubaliana mapema, imekula kwako. Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, omba namba ya mita, nunua umeme wa kujaribu, na usome meseji yote mpaka mwisho uone kilichokatwa. Ukikuta deni, liandikeni kwenye mkataba kwamba linatoka kwenye kodi ya pango. Na kama nyumba moja ina mita mbili au tatu na zote zinakatwa, mwenye nyumba afuatilie, jengo moja halitakiwi kukatwa kwenye kila mita.

Kuna kitu kingine kimemkuta jamaa yangu aliyepanga fremu Nzega. Fremu ilifungwa tangu 2023. Kanunua umeme, mita inakataa. Sababu ni kwamba mita zote za aina hii duniani zilitakiwa kubadilishiwa mfumo wa namba kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, na hiyo haikuguswa kwa kuwa hakukuwa na mtu ndani. Ukikutana nayo usiipige mita ngumi. Angalia meseji yako kama imekuja na makundi matatu ya tarakimu 20. Unaingiza la kwanza, halafu la pili, la tatu ndiyo umeme wenyewe. Ukiruka mpangilio inagoma. Ikigoma hata baada ya hapo, nenda ofisi ya TANESCO na namba ya mita.

Uliza pia mita iko daraja gani. D1 ni ya matumizi madogo, mwisho uniti 75 kwa mwezi, T1 ni ya kawaida. Tofauti yake siyo mchezo. Kwa bei zilizoanza Aprili 2016, uniti ya D1 ni shilingi 100 na ya T1 ni 292, kabla ya makato. Buku moja inatoa uniti 8.2 kwa D1 na 2.8 tu kwa T1. Lakini ukivuka zile 75, kila uniti ya ziada kwa D1 ni 350. Nyumba zetu hizi za uani, vyumba vitano mita moja, kila chumba kina uniti 15 tu kabla ya kuvuka. Ndiyo maana wapangaji wanagombana.

Na ugomvi mwingi ni wa kutojua hesabu. Taa ya wati 9 inawaka zaidi ya saa 100 kwa uniti moja. Pasi ya wati 1,000 inamaliza uniti hiyo hiyo kwa saa moja. Kwa hiyo dada mwenye taa moja na redio kuchangia sawa na jamaa mwenye friji na jiko la umeme ni uonevu, semeni msemavyo. Dawa ni mita ndogo kwa kila chumba, fundi anafunga, mnachangia kwa mnachosoma. Mita kamili ya TANESCO ni ghali: bei ya mjini iliyorudishwa Januari 2022 ni 320,960 kama huhitaji nguzo, 515,618 ukihitaji nguzo moja. Usitoe hela hiyo kwenye nyumba ya mtu bila maandishi, maana ukihama hubebi mita.

Gesi ni rahisi zaidi. Ya bomba, ile ya Songo Songo na Mtwara, inafika kwenye nyumba chache za kule pwani, huku kwetu hakuna. Kwetu gesi ni mtungi, kilo 6 au 15, na mtungi ukishanunua ni wako, unahama nao. Ila kama unaenda Urambo au Kaliua, ulizia kwanza kama kampuni yako inauzwa kule. Dai upimiwe kwenye mizani: uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe, jumlisha na kilo za gesi, ikipungua usichukue. Ukishafunga mpira na regulata, paka povu la sabuni kwenye maungio, mapovu yakitokea inavuja. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatuama chini, kwa hiyo usiweke mtungi pembeni ya godoro. Wengine tunapikia kibarazani.

Livingstone alikaa hapa Kwihara miezi kadhaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi, na hakuulizwa namba ya mita. Bahati yake.

Mimi na mzee wangu tumefika hivi: ile 6,000 amekubali ikatwe nitakapolipa kodi ya miezi sita mingine. Ile 1,500 ya kila mwezi bado tunavutana, anasema umeme natumia mimi. Meseji zote za LUKU ninazo kwenye simu, na nimezinakili kwenye daftari.