Mwokozi na Mkombozi: Maneno Mawili na Historia Yake

Katika mahubiri ya leo, mwokozi na mkombozi hutumiwa kama visawe. Historia ya maneno yenyewe haikubaliani na matumizi hayo.

Kimofolojia ni mapacha. Vitenzi okoa na komboa vilikuwa zamani na sauti /l/ kabla ya irabu ya mwisho. Sauti hiyo imedondoka, lakini huchomoza tena katika okolewa na kombolewa. Na mbele ya kiambishi -i cha mtenda hugeuka kuwa /z/, kama inavyoonekana katika lea, lelewa, mlezi. Haya, basi, ni maneno ya Kibantu, tofauti na Masihi, neno la Kisemiti ambalo maana yake ya asili si mwokozi hata kidogo, bali mtu aliyepakwa mafuta.

Tofauti imo katika maana. Anayeokoa humtoa mtu hatarini, motoni au majini, wala hakuna anayedai malipo. (Wafanyao kazi hiyo leo huitwa waokoaji, umbo la kale limeachiwa dini.) Anayekomboa hulipa. Hukombolewa kilichowekwa rehani, na katika pwani ya karne ya 19 alikombolewa pia mtumwa. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliofungua misheni Bagamoyo mwaka 1868 walinunua watumwa na kuwapa makazi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na kanisa kuu la Waanglikana likajengwa papo hapo, Mkunazini. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi huo, ndiye aliyekuwa pia akitafsiri Agano Jipya. Kwa msikilizaji wa zama zile mkombozi hakuwa sitiari: ukombozi ulikuwa na bei, na huenda ndugu zake walishindwa kuilipa.

Inashangaza, kwa hiyo, kwamba Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, katika Ayubu 19:25, imeweka Mteteaji. Neno la Kiebrania pale ni goeli, yaani jamaa aliyewajibika kumkomboa nduguye aliyeuzwa au shamba lililopotea. Mteteaji ni mtu wa barazani, bei imetoweka.

Ilitoweka zaidi baada ya mwaka 1963, Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilipowekwa Dar es Salaam. Tangu hapo anayekombolewa hujikomboa, na aliyemshika halipwi kitu.