Historia ya Maana za Kitenzi "Kusikia" katika Kiswahili cha Kasese na Bwera

Darasani, kitenzi kusikia hufafanuliwa kuwa ni kupokea sauti kwa masikio. Makala haya yanadai kwamba ufafanuzi huo hautoshi kwa Kiswahili cha Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, na kwamba upana wa maana za kitenzi hiki ni zao la historia, wala si upungufu wa wasemaji.

Kiswahili kilifika huko kwa njia kadhaa. Ya kwanza ni jeshi. Katika King's African Rifles, Kiswahili kilikuwa lugha ya amri, askari aliyeulizwa "umesikia?" alitakiwa kutii. Maana hiyo haikuzaliwa kambini, kwani wahenga wa pwani walikwisha sema: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ya pili ni kazi. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, na mgodi ukawakutanisha watu wasio na lugha moja ya mama. Ya tatu ni biashara ya mpakani. Bwera inapakana na Kasindi kupitia Mpondwe, na katika Kiswahili cha mashariki ya Kongo, "anasikia Kiswahili" maana yake ni kwamba anakielewa.

Aidha, lugha jirani ziliutia nguvu upana huo. Kwa Kiganda, okuwulira ni kusikia sauti, na pia kusikia njaa au maumivu. Hata Kiswahili sanifu husema "nasikia baridi" na "nasikia harufu", ijapokuwa kina pia kuhisi, kuelewa na kutii.

Suala hili si la kamusi tu. Mwezi Juni 2019, ugonjwa wa Ebola ulithibitishwa hospitalini Bwera kwa wagonjwa waliovuka kutoka Kongo. Katika mazingira kama hayo, mhudumu akimaliza maelezo na kuuliza "mmesikia?", jibu "tumesikia" laweza kumaanisha kwamba sauti imefika, kwamba maelezo yameeleweka, au kwamba yatafuatwa. Tofauti ya maana hizo tatu yaweza kuwa tofauti ya uhai na mauti. Ni salama zaidi kumwomba msikilizaji aeleze kwa maneno yake mwenyewe atakachofanya.

Kiswahili kilitangazwa lugha ya taifa nchini Uganda mwaka 1973, kikafanywa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likapendekeza kifundishwe kwa lazima shuleni. Mwalimu wa Kasese atakayemsahihisha mwanafunzi anayesema "nasikia Kiswahili" hana budi kumfundisha kuelewa kama neno la usanifu, bila kumwambia kwamba lugha ya nyumbani kwake ni makosa. Usikivu, kwa maana zake zote, unamhusu mwalimu pia.