Wosia wa mdomo, wosia wa karatasi

Kule Kedowa, Kericho, mzee akiwaita wanawe na kuwaonyesha mipaka ya shamba kwa fimbo, husemwa ameacha wosia. Si kosa. Neno hili, 'wasia' kwa wengine, tulilitoa kwa Waarabu, nalo hubeba agizo na nasaha kwa pamoja. Mdomo ulitosha.

Sheria ya Urithi, iliyotungwa 1972 na kuanza kutumika Julai 1, 1981, ililibana neno. Wosia wa mdomo unakubalika, naam, ila utamkwe mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na msemaji afariki katika miezi 3. Akifika mwezi wa nne, yamebaki nasaha tu! Na kijana aliyeonyeshwa mpaka keshajenga.

Wapo wanaosema kuandika wosia ni kuita kodi. Kodi ya mali ya marehemu ilikuwapo kweli, tuliirithi kwa Waingereza, ambao wangali wanaitoza. Kenya iliifuta 1982.

Balaa liko kwingine. Mzee mwenye wake wawili asipoandika, mila ya Kipsigis hugawa kwa nyumba: nusu huku, nusu kule. Sheria huhesabu watoto, mabinti wakiwamo, na kila mjane aliye hai huongezwa kama mtoto mmoja. Nyumba ya watoto saba na ya wawili, wajane wote wakiwapo, zitapata manane kwa matatu. Ile ndogo, iliyoahidiwa nusu kwa fimbo, itaelekea mahakamani.