Kabla Orodha Haijabandikwa

Mtu aliyeajiriwa na shirika la umma nchini Tanzania miaka ya 1970 alijua atastaafia hapo hapo. Sheria ya Usalama wa Kazi ya mwaka 1964 ilikuwa imempa kinga: mwajiri hakuweza kuamka asubuhi akamfukuza, na kamati ya wafanyakazi kazini ilikuwa na sauti. Azimio la Arusha la 1967 likataifisha mabenki, bima na viwanda vikubwa, na Mwongozo wa TANU wa 1971 ukawatia wafanyakazi ujasiri wa kumkatalia meneja mwenye majivuno. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 mashirika ya umma yalikuwa karibu 400. Shirika kubwa lilikuwa mshahara, nyumba, zahanati, basi la asubuhi na timu ya mpira.

Hata hivyo, wazee wetu kazini walikuwa na kumbukumbu moja chungu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na watu waliokuwa makao makuu ya reli Nairobi au ya posta Kampala wakarudi makwao bila kujua mafao yao yako wapi. Mkataba wa kugawana mali na madeni ulitiwa saini mwaka 1984, lakini wastaafu wa Jumuiya walikuwa bado wanadai haki zao Dar es Salaam miaka ya 2000. Wazee hao ndio waliotuambia kwamba mwajiri mkubwa naye hufa.

Mimi nilikuwa karani wa masjala katika shirika moja la umma jijini wakati ubinafsishaji ulipoanza. Serikali ilikuwa imekwisha kukubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa kuhusu kurekebisha uchumi mwaka 1986, na miaka michache baadaye ikaundwa Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma. Taarifa ya habari ya Redio Tanzania ikawa kitu cha kusikilizwa kwa makini. Benki ya Taifa ya Biashara, iliyozaliwa na utaifishaji wa 1967, ilipogawanywa mwaka 1997, kila mtu ofisini kwetu alijiuliza: kama benki kubwa kuliko zote imekatwa vipande, sisi ni nani?

Masjala ndiyo iliyohisi joto kwanza. Jalada la mtumishi likiitwa na ofisi ya utumishi, karani huandika kwenye kadi tarehe na jina la aliyeliomba. Majalada ya idara moja yalipoanza kuitwa kwa mpigo, habari zilifika karakana kabla ya saa ya chai. Watu wakawa wanapita dirishani kwangu: "Dada, langu limepanda?" Sikuruhusiwa kujibu, na kunyamaza kwangu nako kulihesabiwa kuwa jibu.

Namkumbuka fundi mitambo mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake. Alikuja na mfuko wa nailoni wenye vikaratasi vya malipo ya kibarua, wino umefifia. Tetesi zilisema atakayetoka kwanza ni aliyeingia mwisho, na barua yake ya ajira ilionyesha mwaka aliothibitishwa, si mwaka alioanza kubeba vyuma. "Mwanangu," aliniuliza, "miaka yangu ya kibarua imo humu?" Haikuwamo. Nilivigonga muhuri wa kupokelewa, nikavipa namba, nikavifunga jaladani mwake. Orodha ya wanaopunguzwa ilipotoka alikuwamo, na kiinua mgongo chake kilipigwa hesabu kwa tarehe ya barua ya ajira.

Lakini ninachotaka kisisahaulike ni yale yaliyotokea kabla ya orodha hiyo. Tulingoja muda mrefu, na kungoja kulitubadilisha. Katika chama cha kuweka na kukopa watu waligoma kudhaminiana, kwa sababu mdhaminiwa angeweza kupunguzwa kesho na deni likabaki shingoni mwako. Mafundi waliacha kuwafundisha wanagenzi, maana kujua mashine peke yako ilionekana ni kinga. Watu hawakwenda likizo, na wagonjwa walikuja kazini na homa zao. Mashine ikitoa mlio usio wa kawaida hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema, asije akaulizwa nani aliyekuwa zamu. Waliokuwa na ujuzi wa kuuzika walitafuta kazi kwingine mapema. Mnunuzi alipofika, shirika lilikuwa limekwisha kupoteza watu aliowahitaji zaidi.

Waliobaki nao hawakupumua. Walifanya kazi za watu wawili wakiulizana awamu ya pili ni lini. Uongozi uliona utulivu ule ukadhani ni nidhamu. Ilikuwa hofu, na mtu mwenye hofu hatoi wazo wala hasemi kosa.

Kilichotuumiza zaidi ni siri. Hesabu za shirika tulizijua kuwa mbaya. Tungeweza kujadili kupunguza saa za ziada, kuhamishana idara, au nani yuko tayari kuondoka kwa hiari. Hatukuulizwa.

Ndiyo maana naithamini sana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Kifungu cha 38 kinamtaka mwajiri anayefikiria kupunguza wafanyakazi atoe taarifa, aeleze sababu, na ashauriane nao kuhusu njia za kuepuka upunguzaji, namna ya kuchagua watakaoondoka, wakati na malipo. Kiinua mgongo chenyewe si kikubwa: mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa utumishi, usiozidi miaka 10. Nguvu ya sheria iko kwenye mazungumzo yanayotangulia.

Leo nawasikia vijana wa mabenki na kampuni za simu wakinong'onezana habari za "panga", yaani kupunguzwa kazi, kama tulivyonong'ona sisi. Nawaambia wasingoje tetesi. Tunzeni barua zenu zote, hata za mkataba wa muda, na kupitia chama chenu cha wafanyakazi daini meza ya mashauriano mapema, ikiwa bado kuna kitu cha kuokolewa. Na mwajiri asiyetaka kupoteza mafundi wake aseme ukweli siku anapoujua.